Safari ya kundi inavyotufundisha kushukuru kwetu

Mara mingi mutu akisema "nashukuru kwetu", tunachukua ni maneno ya heshima tu, sawa yale ya kwenye ndoa. Leo nataka kueleza jambo hilo kwa namna ya mutu wa agronomia. Kushukuru kwenu kunaanza siku unatoka na wengine, unaona kwao, kisha wao wanakuja kuona kwako. Na urafiki unaozaliwa hapo, huku kwetu Kivu, unaweza kukubeba siku mbaya.

Mufano wangu ni barabara ya Bukavu mpaka Uvira. Promosheni yetu ilishuka kule mwaka wa 2019 kwa safari ya masomo, karibu watu makumi tatu na asistanti wawili. Si mbali, ni chini ya kilometa 150. Lakini wengi wetu wa Bukavu tulikuwa hatujafika hata siku moja.

Tuanze na nchi yenyewe. Ziwa Kivu liko karibu meta 1460 juu ya bahari, Tanganyika karibu meta 770. Muto Ruzizi unatoka ziwa la kwanza na kuingia la pili, maana maji ya kwetu yote yanapita kwao. Darasani tulisoma kwamba ukishuka meta 100, joto linapanda zaidi kidogo ya nusu digrii. Basi kati ya maziwa haya mawili kuko tofauti ya digrii 4 hivi. Kwenye karatasi ni hesabu ndogo. Ndani ya gari ni majaketi yanayovuliwa moja moja, mpaka Kamanyola kila mutu anatafuta dirisha. Juu tuliacha chai, kahawa, ndizi na maharagi. Chini tukakuta mupunga, muhogo, mawese na miwa ya Kiliba.

Sisi wa mulimani tulianza kuuliza maswali sawa watoto. Maji ya mupunga yanatoka wapi? Nani anafungua mufereji? Wakigombania maji, nani anakata maneno? Waliotujibu ni wenzetu waliozaliwa kule, wale ambao darasani walikuwa wanakaa nyuma kimya. Siku hiyo wao njo walikuwa waalimu, na asistanti akachukua kalamu akaandika.

Kwa nini kundi linafanya kazi hiyo kuliko mutu peke yake? Naona sababu tatu. Ya kwanza, ukisafiri peke yako unachagua wa kuongea naye. Kundi halikuachi uchague, unakaa pale kuko nafasi. Ya pili ni kungoja. Gari ikikwama kwenye matope masaa mane, utamaliza habari za masomo, utaanza kuuliza jirani yako juu ya wazazi wake. Ya tatu ni kazi za kugawana: mumoja anatunza franga, mumoja anapika, mumoja anajua luga ya pale na anaomba njia. Kila mutu anakuwa na deni kwa mwenzake, na deni ndogo ndogo za namna hiyo ndizo zinashikilia urafiki.

Jioni ya kwanza tulipewa bugali na samaki wadogo wa Tanganyika. Rafiki mumoja wa Bukavu akasema kwa majivuno kwamba hawawezi kufikia sambaza zetu. Asistanti akacheka. Akatueleza kwamba sambaza zilitoka ndani ya Tanganyika hii hii, zikaletwa Kivu na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mbele ya hapo, Kivu haikuwa nayo. Meza yote ilinyamaza kidogo! Chakula ambacho tunakiita cha kwetu kabisa kilikuja kama mugeni kutoka kwa majirani. Na si sambaza tu: muhogo wa sombe yetu, mahindi, maharagi, vyote asili yao ni Amerika. Kwetu kumejengwa na wageni waliopokelewa vizuri. Ukijua hivyo, unaendelea kupenda kwenu, lakini majivuno yanapunguka.

Kisha ikaja zamu yao. Miezi mitatu nyuma, wanne kati yao walipanda kututembelea Kabare. Mama aliwaonyesha maharagi yake yanayopanda juu ya miti. Mimi nimepita kando ya shamba lile maisha yangu yote bila kusimama. Wao walipiga picha, wakapima urefu, wakauliza mama anatoa miti wapi. Mama akajibu: "Shamba ni dogo, watoto ni wengi, basi nimepandisha maharagi juu." Ndiyo agronomia yenyewe: udongo ukikosa upana, unatumia urefu, na mavuno yanaongezeka. Nilikuwa nimesoma hiyo kwenye kitabu, na mwenye kuijua alikuwa ananipikia kila siku. Bila macho ya wageni, ningechelewa sana kumushukuru.

Sasa tuangalie siku mbaya. Aprili 2020 muto Mulongwe ulifurika Uvira. Watu makumi walikufa, nyumba nyingi zikabomoka. Kundi letu la telefone, ambalo lilikuwa la picha na michezo, lilikotiza kwa siku mbili, juu kila mutu alijua mama gani alitupikia na nyumba yake iko upande gani. Februari 2025 vita ilipofika Bukavu, watu wengi walishuka njia ile ile kuelekea Uvira. Dada mumoja wa promosheni alishuka na watoto wawili. Alipokelewa na mama yule yule.

Kila siku telefone zetu zinaleta maneno juu ya "watu wa kule". Mutu ambaye hajafika kule hana namna ya kupima. Mimi nina namba ya kupiga: naita rafiki, nauliza, ananieleza alichoona. Mara mingi hiyo inatosha kuzuia uvumi usipite kwangu.

Ninyi munaotayarisha safari mwaka huu, nawaomba vitu vitatu. Changanyeni watu ndani ya gari na kwenye vyumba, musiache wa kwao kwa wao. Mukiweza, mulale kwa familia, na mulete muchele na sabuni, musiende mikono mitupu. Na mbele ya kuachana, muweke tarehe ya wao kuja kwenu. Safari isiyo na tarehe ya kurudishiana inabakia picha. Anzeni kukotiza mapema, na mujulishe wazazi nyumbani kwamba wageni watakuja.