Vumbi lenye mionzi: kwa nini mtu apimwe kabla ya kupenga kamasi

Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waling'oa mashine ya tiba ya mionzi katika zahanati iliyohamwa, wakauza vipande vyake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa seziamu-137 uliong'aa buluu gizani, na jamaa na majirani wakagawana punje zake. Hatari ilitambuliwa baada ya siku 16. Watu wapatao 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo. 249 walikutwa na unga huo, wanne wakafa.

Tunayakumbusha hayo hapa Mutakura kwa sababu vyuma vikuukuu hubadilishana mikono mitaani mwetu pia, na vyanzo vya mionzi hutumika hospitalini na katika ujenzi wa barabara.

Vumbi lililo juu ya nguo huondoka nguo zikivuliwa. Lililovutwa kwa pumzi ni shauri jingine. Seziamu hutoa mionzi inayopenya mwili, hivyo kipimo kilichowekwa nje huweza kuihisi. Lakini mionzi ya alfa, kama ile ya plutoniamu, haipenyi hata ngozi. Kipimo cha mkononi kikipitishwa kifuani hunyamaza, ilhali vumbi limo mapafuni. Ndiyo maana waganga hupangusa kila tundu la pua kwa pamba, wakaipima pamba hiyo. Ushahidi huo hauna subira: pua hujisafisha yenyewe, na anayepenga kamasi au kunawa uso huupoteza. Baadaye hubaki vipimo vya mkojo, vya kinyesi na vya mwili mzima, ambavyo majibu yake huchelewa.

Basi wapimaji wakiwapo, tunaomba pamba itangulie maji. Wasipokuwapo, msingoje: vueni nguo za nje taratibu, mzifunge mfukoni, mkoge kwa sabuni. Majeruhi mahututi atibiwe kwanza. Vumbi lisiwe kisingizio cha kumwacha afe.

Kutambua mapema kuna faida, kwani dawa zipo. Goiânia wagonjwa 46 walipewa dawa iitwayo buluu ya Prussia, inayoisaidia seziamu kutoka mwilini.

Atakayeona chuma chenye alama ya mapanga matatu katika rangi ya manjano asikiguse, asikipige nyundo; awaondoe watoto, kisha aliarifu doria lililo karibu. Hatutamhesabu mwizi kwa sababu ya kuleta habari.