Usiache Mbachao: Je, Tuhamishe Akiba Yetu?
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli. Lakini je, ikiwa huo mbacha wenyewe unakutoza pesa kila siku, na msala unaopita unatoza nusu yake? Hilo ndilo swali ninalotaka tulichambue, kwa sababu siku hizi wazazi wengi hapa Kenya wameweka akiba katika mifuko ya pamoja ya uwekezaji, na kila kukicha wanaambiwa kuna mfuko mwingine ulio rahisi zaidi.

Kwanza tuelewane: mfuko wa pamoja ni nini? Watu wengi huchanga pesa zao, huyu elfu moja, yule elfu hamsini. Kampuni inayoitwa meneja wa mfuko huzichukua na kuzikopesha benki na serikali kwa muda mfupi. Riba ikipatikana hugawanywa kwa kila mmoja kulingana na alichoweka. Meneja naye hafanyi kazi ya bure. Hukata ada ya usimamizi.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Ukisikia ada ni shilingi 2 kwa kila 100 kwa mwaka, unasema, "Ah, shilingi mbili ni nini?" Lakini ada hiyo hukatwa kwa pesa zote ulizoweka, si kwa faida peke yake. Tuseme mfuko umepata faida ya shilingi 12 kwa kila 100. Meneja akichukua 2, unabaki na 10. Kwa hivyo amechukua sehemu moja kwa sita ya faida yako! Naam, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kinaweza kuwa cha mwingine.

Sasa tuchukue mfano wa kweli wa nyumbani. Shangazi yangu anauza mitumba sokoni. Jirani alimwambia kuna mfuko unaotoza 1 kwa 100, na yeye alikuwa katika mfuko wa kutoza 2. Akaniita. "Wewe si unafanya hisabati huko shuleni? Hebu nipigie hii hesabu, nihame ama nikae?" Nikamwuliza kwanza, "Shangazi, pesa hizi ni za nini?" Akasema ni mafungu mawili. Shilingi 60,000 ni karo ya watoto wake wawili walio bweni, inayohitajika baada ya miezi mitatu. Shilingi 100,000 ni za kifungua mimba wake, atakayeingia chuo kikuu baada ya miaka minne.

Kuhama nako kuna gharama. Pesa zikitoka mfuko mmoja hadi ziingie mwingine, tuseme siku nne zinapita bila riba. Kisha kuna ada za kutuma pesa na nauli, tuseme shilingi 200.

Fungu la karo: tofauti ya ada ni shilingi 600 kwa mwaka, yaani 150 kwa miezi mitatu. Riba inayopotea kwa siku nne ni kama shilingi 66, ukiongeza 200 unapata 266. Kwa hivyo akihama anapoteza shilingi 116. Heri akae.

Fungu la chuo kikuu: riba inayopotea ni kama shilingi 110, jumla ya gharama ni 310. Lakini anaokoa shilingi 1,000 mwaka wa kwanza, kwa hivyo gharama hiyo inarudi kabla ya miezi minne kwisha. Kwa miaka minne, 100,000 zikikua kwa 10 kwa 100 zinakuwa 146,410. Zikikua kwa 11 zinakuwa 151,807. Tofauti ni 5,397. Kodi ya serikali, ambayo ni 15 kwa kila 100 ya riba, nimeiacha kando kwa sababu inakatwa kote kuwili. Ukiihesabu, tofauti hiyo hupungua.

Mwaona basi, jibu halimo katika ada peke yake. Limo katika muda. Mama yule yule, siku ile ile, ana sababu ya kukaa na sababu ya kuhama.

Hata hivyo, kuna maswali mengine matatu. La kwanza, je, mifuko yote miwili inapata faida sawa? Mfuko wa ada ndogo ukiwa unapata 10 pekee, ukikatwa 1 unabaki na 9, na wa zamani unakupa 10. Linganisha kinachobaki mfukoni. La pili, nani anashika pesa? Mfuko halali una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na pesa hazikai kwa meneja. Kuna mdhamini anayemchunga, na mtunzaji wa kuzihifadhi. Asiye na leseni, hata akitoza sufuri, mkimbie. Tukumbuke pia kwamba amana za benki zina bima ya hadi shilingi 500,000 tangu mwaka wa 2020, lakini mifuko hii haina bima hiyo. La tatu, je, kuna njia isiyo na meneja kabisa? Ipo. Tangu mwaka wa 2023 Benki Kuu ya Kenya ina mtambo uitwao DhowCSD, ambapo mwananchi hununua mwenyewe kwa simu hati za serikali za siku 91, 182 au 364. Ada ya meneja hakuna, lakini kima cha chini ni shilingi 50,000, na kwa kawaida pesa hukaa hadi siku zitimie. Karo haingojei siku 364!

Shangazi aliiacha karo palepale. Za chuo kikuu alizihamisha, baada ya kuhakikisha leseni na kulinganisha faida za mifuko hiyo miwili. Kwa hivyo wenzangu, mzazi akiwauliza, msikimbilie kusema hama wala kaa. Chukueni kalamu na karatasi, mwulize pesa ni za nini na zitahitajika lini. Hesabu ya riba tunayofundishwa darasani si ya mtihani tu, ni ya karo yetu wenyewe.