Mkono wa Henry Molaison

Filamu na tamthilia zimewazoesha watazamaji mgonjwa wa kusahau ambaye hupigwa kichwani, akazinduka bila kujua jina lake wala mkewe, kisha akapigwa tena na kumbukumbu zote zikamrejea. Henry Molaison wa Connecticut, Marekani, alikuwa kinyume chake kabisa: jina lake na utoto wake alivikumbuka, ila tangu alipopasuliwa mwaka 1953, akiwa na miaka 27, jambo jipya halikumkaa kichwani zaidi ya dakika chache. Daktari William Scoville, akipambana na kifafa kilichozishinda dawa, alikuwa ameondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani kiungo kidogo kilichopinda kilichomo ndani ya kila upande wa ubongo.

Aliyeipima hasara hiyo ni Brenda Milner, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Montreal, Kanada, na kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni jaribio lake la karatasi na penseli alilolieleza mwaka 1962. Molaison aliwekewa nyota ya pembe tano iliyochorwa kwa mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, akatakiwa apitishe penseli katika ujia mwembamba ulio katikati, huku mkono wake umekingwa kwa ubao ili auone kiooni tu. Kila anayejaribu mara ya kwanza hukwama penye pembe, kwa kuwa jicho huamuru huku na mkono ukaenda kule. Molaison naye alikwama. Alirudia mara 10 kwa siku, kwa siku 3, na makosa yakapungua hadi akaizunguka nyota karibu bila kosa, ilhali kila siku hakukumbuka kuwahi kuiona kazi hiyo. Milner amesimulia kwamba mgonjwa wake alishangaa, akasema alidhani kazi ingekuwa ngumu, kumbe ameifanya vizuri.

Hapo, kwa maelezo ya Milner, ndipo ilipodhihirika kwamba kumbukumbu si ghala moja: ustadi wa mkono hujengeka hata hipokampasi ikiharibika, ilhali habari za matukio hupotea. Alimchunguza kwa miaka mingi. Kwa Molaison, maskini, alibaki mgeni kila walipokutana.

Vitabu vilimtaja Molaison kwa herufi H.M. tu mpaka alipofariki Desemba 2008, na mwaka uliofuata ubongo wake ukakatwa vipande 2,401 huko California. Luke Dittrich, mjukuu wa Scoville, alihoji katika kitabu cha mwaka 2016 namna ridhaa ya Molaison ilivyopatikana. Je, asiyekumbuka alichokubali saa moja iliyopita ameridhia nini? Na ni nani aliyepaswa kukataa kwa niaba yake? Kuhusu upasuaji wenyewe, hata Scoville aliwaonya madaktari wenzake wasiurudie kwa pande zote mbili za ubongo.