Mdoli Haufi, Mbona Mikono Inatetemeka?

Mtoto ametoka, halii. Mwanafunzi wa uuguzi anajua la kufanya: amkaushe, amsugue mgongo na, asipopumua, aanze kumpumulisha kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika hiyo huitwa ya dhahabu. Hatua zote alishaziandika kwenye mtihani, akafaulu. Leo barakoa haikai usoni, hewa inavujia pembeni, na jina la kifaa kinachofuata limemtoka kabisa. Na huyo mtoto ni mdoli.

Hofu ikipanda, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, moyo hukimbia, na ile kumbukumbu ya papo kwa papo inayotuwezesha kushika mambo matatu manne kwa pamoja huelemewa. Alichosoma bado kimo kichwani, ila hakifikiki kwa wakati. Watafiti hupima hali hii kwa hojaji aliyoibuni Mmarekani Charles Spielberger: maswali 20 kuhusu mtu anavyojisikia sasa hivi, alama kuanzia 20 hadi 80.

Lakini mdoli haufi, sasa anaogopa nini? Anaogopa macho. Mkufunzi ameshika karatasi ya alama, darasa zima limesimama nyuma yake, na kila kosa lina mashahidi.

Ndiyo maana vyuo kadhaa vimegeukia mazoezi ya pamoja. Wanafunzi wawili au watatu huingia kwenye kisa kimoja, kila mmoja na kazi yake. Mmoja anapumulisha, mwingine anasikiliza mapigo na kuyataja kwa sauti, wa tatu anaangalia saa, kisha wanabadilishana. Upo mdoli wa MamaNatalie, tumbo bandia ambalo mwanafunzi hujivalisha, akaigiza mama anayejifungua na hata kutokwa damu. Aliyelivaa hugundua upesi jinsi inavyotisha kulala pale huku wahudumu wakinong'onezana. Somo hilo sidhani kama kitabu kinaliweza.

Faida iko wazi: mzigo wa kukumbuka kila kitu haumwangukii mtu mmoja. Wodini kwenyewe kazi hufanywa hivyohivyo, kwa zamu na kwa kusaidiana.

Hata hivyo, tafiti kuhusu wasiwasi hazisemi kwa sauti moja. Nyingi zinaonyesha kujiamini kunaongezeka. Hofu wakati mwingine hushuka, wakati mwingine hubaki palepale. Kundi nalo lina hila zake. Mwenye sauti kubwa hutawala, mwoga hujificha nyuma ya anayeshika saa, akahitimu bila kugusa barakoa. Kwa maoni yangu, mambo mawili ndiyo huamua: kazi zizunguke kwa lazima, na mizunguko ya mwanzo isitolewe alama. Baada ya zoezi watu wakae chini waulizane kilichotokea na kwa nini, mkufunzi akizungumza mwishoni. Hofu yote isiondolewe, maana kiasi kidogo humfanya mtu awe macho.

Jambo la tatu ni marudio, na hapo Tanzania ina ushahidi wake, ingawa uliwahusu wahudumu walio kazini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua iliwafanya wahudumu wafanye vizuri zaidi mbele ya mdoli, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Kuanzia mwaka 2011 mafunzo yakawa mafupi na ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka watoto 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo mafunzo hayawezi kupewa sifa yote. Lakini hayakudai jengo jipya wala mitambo ya bei kubwa: dakika chache, mwenzako mmoja, na mdoli uliowekwa karibu na chumba cha kujifungulia, mahali ambapo mtu anaweza kuushika kabla zamu haijachangamka.