Ghala Limejaa, Tumbo la Mtoto ni Dogo

Rukwa si mkoa wa njaa. Mahindi ya Laela, Matai na Namanyere hulisha watu wa mikoa mingine, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huyanunua na kuyahifadhi Sumbawanga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta mkoani Rukwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Hakuna mkoa uliozidi hapo. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta bado nusu ya watoto wa umri huo mkoani wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Iringa na Njombe, nazo mikoa ya mahindi, zilikuwa na hali hiyohiyo au mbaya zaidi. Chakula kipo, watoto hawakui. Hoja yangu ni kwamba tunapima utoshelevu wa chakula kwa kipimo cha mtu mzima, kisha tunadhani mtoto naye amehesabiwa humo.

Tazama hesabu ya kawaida. Mashirika yanayopanga mgao wa wakimbizi hukadiria kuwa mtu mmoja, ukichanganya wakubwa na wadogo, anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Kilo moja ya mahindi hutoa kama 3,500. Kaya ya watu watano ingeweza kumaliza mwaka kwa gunia 11 hivi za kilo 100, hata kama isingeonja kitu kingine chochote. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa, nyanda za juu za Rukwa, aliyeingiza gunia 20 ghalani ana haki ya kusema kwamba nyumbani kwake chakula kinatosha. Kwa hesabu ya nishati, kwa tumbo lake yeye, amesema kweli.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayeendelea kunyonya anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula kingine. Ni kidogo sana; gramu 160 za unga zingetosha kuzitoa. Tatizo ni njia ya kuzifikisha tumboni. Tumbo la mtoto hubeba mililita 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo nane hujaa kwa kikombe kimoja. Uji wa mahindi mwepesi, ule unaonyweka bila shida, ni maji zaidi kuliko unga: kikombe kizima hutoa kama kilokalori 100. Ili kufikia 550 mtoto huyo angepaswa kunywa vikombe vitano au sita kila siku, na akipewa viwili, asubuhi na jioni, analala ameshiba na bado hajapata hata nusu ya mahitaji yake. Halii njaa, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Tena hapo tumehesabu nishati tu. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo mwili unaihitaji ili ukue, na madini ya zinki na chuma yaliyomo kwenye nafaka hufyonzwa kwa shida. Hata vikombe sita vya uji mtupu visingeziba pengo hilo. Maharage yanaongeza laisini, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoshushwa Kirando na Kasanga wanaongeza madini, karanga zilizosagwa zinaongeza mafuta, na mafuta hubeba nishati zaidi ya maradufu ya unga kwa uzito uleule. Vyote hivi vinauzwa sokoni Sumbawanga.

Kuna wanaosema Wafipa ni wafupi kwa asili. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa chati za ukuaji zilizotolewa mwaka 2006, lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa na kulishwa vizuri. Urefu wao ulikaribiana mno hadi umri wa miaka mitano. Urithi una nafasi yake kati ya mtoto mmoja na mwenzake, lakini hauwezi kueleza kudumaa kwa nusu ya watoto wa mkoa mzima. Wengine husema kinachodumaza ni maradhi. Hoja hii ina uzito: kuhara na minyoo hupoteza chakula kilichokwisha kuliwa, na maji safi na choo ni sehemu ya lishe. Lakini mtoto anayelishwa uji mwepesi huugua mara nyingi zaidi na huchelewa kupona, kwa hiyo sababu hizi mbili hazitenganishiki.

Pingamizi zito kuliko yote, dhidi ya ushauri wa kumlisha mtoto mara nyingi zaidi, ni la muda. Msimu wa kilimo mama huondoka alfajiri kwenda shamba, na mtoto hubaki na dada yake mwenye umri wa kwenda shule, pamoja na uji uliopoa. Kumwambia mama huyo alishe mara nne na vitafunwa juu yake, bila kumpunguzia kazi, ni kumwonea. Hapa Ufipa ina kitu chake yenyewe: ulezi, na ujuzi wa kuuotesha kwa ajili ya pombe. Kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, kikikorogwa ndani ya uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo, huulainisha kwa dakika chache, kisha uji huchemshwa tena. Mtoto anaunywa kwa urahisi ingawa una unga karibu maradufu. Ukitiwa na karanga, vikombe vitatu vinaweza kutoa nishati iliyohitaji vikombe sita. Lakini vikombe hivyo vitatu bado vinahitaji mtu mzima wa kuvipika na kuvinywesha, na baba anayekaa na hesabu ya magunia hajazuiwa na chochote kuifanya kazi hiyo.