Filamu Fupi na Mwili wa Mwanamke: Ni Nani Asemaye?

Reli ya Kati itokayo Tabora hupita Urambo, Kaliua na Usinge kabla ya kufika Kigoma, ambako ujenzi wake ulikamilika mwaka 1914. Kabla ya reli hiyo, mizigo ya nchi hii ya magharibi ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa binadamu, katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wengi waliopita njia hiyo walikuwa wapagazi wa ujira. Wengine, wake kwa waume, walikuwa watumwa, ambao miili yao ilihesabiwa kuwa mali ya watu wengine. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini swali la nani mwenye mamlaka juu ya mwili wa mwanamke halikufutwa pamoja nao.

Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba, katika Mkoa wa Tabora, wasichana 43 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Kwa taifa zima idadi hiyo ilikuwa 27. Jambo hili aghalabu huzungumzwa kwa mafumbo, au halizungumzwi kabisa. Chombo kimoja kinachoweza kulifungua darasani ni filamu fupi ya hali halisi, yaani ile inayoonyesha watu wenyewe katika maisha yao, wala si waigizaji.

Sauti ya mgeni na sauti ya mhusika

Filamu za mafunzo si ngeni Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi mmoja wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kilimo, afya na mengineyo, ukazionyesha vijijini kwa gari la sinema. Maelezo yalisikika kutoka katika santuri. Watazamaji waliwaona Waafrika wenzao, ila maneno yalikuwa yameamuliwa na wageni.

Baadaye wanawake wa Afrika walishika kamera wenyewe. Mwaka 1983 Safi Faye wa Senegal alitengeneza Selbé et tant d'autres, filamu ya nusu saa kuhusu mama wa kijijini anayeilea jamaa peke yake baada ya mumewe kwenda mjini kutafuta kazi. Hapa kwetu, Flora M'mbugu-Schelling alitoa Kumekucha mwaka 1987, kuhusu kazi za wanawake wa Tanzania. Mwaka 1992 akafuatisha These Hands, inayowaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi wa Msumbiji, wakiponda mawe kwa mikono karibu na Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayewasemea. Mtazamaji husikia nyundo, mazungumzo na nyimbo zao. Mwaka 1994 Soraya Mire, mzaliwa wa Somalia aliyekeketwa utotoni, alitoa Fire Eyes, akilieleza jambo hilo kwa kinywa cha aliyelipata.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Katika ile ya kwanza mwili wa mwanamke ni kielelezo cha somo. Katika hii ya pili mwenye mwili ndiye mwalimu.

Sayansi iliyomo

Sauti pekee haitoshi. Filamu nzuri hueleza pia sababu. Chukua mfano wa fistula ya uzazi. Nyonga za msichana mdogo huenda hazijafikia upana wake kamili. Kichwa cha mtoto kinapokwama, hukibana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa wa kinena. Uchungu ukiendelea siku moja au mbili bila msaada, damu haifiki katika sehemu iliyobanwa, nyama yake hufa, na tundu hubaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo hutoka bila kuzuilika. Mwanamke mzima naye hupatwa na hali hiyo akichelewa kufika penye upasuaji. Basi si laana wala adhabu ya uovu. Ni jeraha, na mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Mchoro unaotembea huyaonyesha hayo kwa dakika mbili. Mwanamke aliyepona akisimulia, aibu huanza kumtoka anayesikiliza.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu achague filamu inayolingana na mahali. Ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 iliukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, umekuwa mzito zaidi Manyara, Dodoma na Mara kuliko Tabora. Kwa shule ya Usinge, mimba za mapema na uzazi salama ndilo somo lililo karibu.

Filamu ikiisha, wanafunzi na waulizwe: Ni nani asemaye? Ni nani aliyekatwa asisikike? Je, aliyepigwa picha aliridhia, akijua itaonyeshwa wapi? Swali hili la mwisho lina uzito zaidi leo, kwa kuwa simu ya mkononi imemfanya kila mtu kuwa mpiga picha. Kutangaza sura ya msichana aliyepata mimba bila ridhaa yake, hata kwa nia ya kufundisha, ni kumnyang'anya mwili wake mara ya pili.

Kisha mjadala uelekezwe kwenye njia zilizopo: zahanati, mkunga mwenye mafunzo, na shule yenyewe, kwani tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea baada ya kujifungua. Msichana aketipo tena darasani humo, filamu inapoonyeshwa, asifanywe mfano wa kunyooshewa kidole. Apewe nafasi ya kusema akitaka, na ya kunyamaza akitaka.