Mbao Kila Siku, Lakini Hadi Lini?

Mbao ndio ilifungua mlango. Julai 2020 Safaricom na Google walitoa Lipa Mdogo Mdogo: unaacha dipo ya thao moja, unabeba simu ya 4G, halafu unatuma mbao kila siku kwa miezi tisa. Piga hesabu. Siku 270 mara 20 ni 5,400, weka na dipo, inakuwa 6,400. Kwa msee wa mjengo mwenye hangewai shika sita thao mara moja bila rent kuimeza, hiyo ilikuwa form ya ukweli. Wasee wengi mtaani waliingia intaneti hivyo, na mimi sitawai waambia walifanya vibaya.

Sasa cheki venye mambo imeenda. Leo ukipita stage ya nduthi Githurai ama Kayole, utapata kijana amevaa tisheti ya kampuni ya mkopo, meza ndogo, simu zimepangwa kwa glasi. Mbao imekuwa finje, finje imekuwa soo, na miezi tisa imekuwa mwaka. Tuseme simu ukinunua keshi ni 15,000. Unaacha dipo ya 3,000, unalipa 70 kila siku mwaka mzima. Hiyo ni 25,550, na dipo inafika 28,550. Umelipia karibu simu mbili, unashika moja. Na kwa bango ya huyo kijana, namba kubwa ni ile 70. Ile 28,550 utaitafuta ndani ya karatasi, maandishi madogo, kama hata umepewa karatasi.

Ndio maana mimi nasema hizi kandarasi ndefu ziwekewe mpaka. Mkopo ubaki. Urefu ndio unaumiza, juu urefu ndio unaficha bei. Kila wakinyoosha siku, ile ya leo inakaa kidogo, na wewe akili yako iko kwa leo, juu leo ndio uko na soo mfukoni. Halafu simu yenyewe ya bei ya chini haijatengenezwa kuvumilia. Ikianguka mwezi wa nane skrini ipasuke, bado uko na miezi nne ya kulipia kitu haiwaki.

Halafu kuna loki. Hapa ndio roho inanichoma.

Nimeiona mangware kwa stage. Msee wa nduthi amefika, amepangusa kiti na kitambaa, amewasha simu ili aingie kwa programu ya abiria. Skrini ikakataa. Rangi ya kijivu, maandishi mawili matatu, paybill, namba ya kupiga. Jana mvua ilinyesha hadi usiku, hakubeba watu, hakutuma. Sasa simu imefungwa kutoka ofisi fulani mbali, na bila hiyo simu hapati abiria wa programu, na bila abiria hapati ganji ya kufungua simu. Ilibidi atoe laini, aweke kwa kabambe ya boyz yake ndio aweze kukopa soo ya M-Pesa. Wateja wa asubuhi, wale wa kwenda wera, wote walishaishia na wengine.

Mwenye duka la fanicha akikudai hatumi mtu akufungie mlango wa keja usiku. Atakuja, mtabonga. Simu inajifunga yenyewe, haijui kama ulikuwa hosi ama ulikuwa matanga ocha.

Niko na boyz yangu Mkongo, tunakaa ploti moja. Kwao ni upande wa Muheto, Masisi, Kivu Kaskazini. Nilipomweleza hii mambo ya kulipa simu mwaka mzima aliniangalia kama nimemwambia hadithi. "Yaya," akasema, "kwetu unalipa franga, unabeba telefone, njo mwisho." Huko simu inatoka Goma, inapita Sake, inapanda milima, na mwenye kununua ananunua keshi. Vocha ni ya leo, bando ni ya leo. Hakuna mtu anasaini karatasi ya mwaka mahali hajui kesho atalala wapi. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, benki zikafungwa, na watu wakabaki na simu kama benki yao: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Sasa fikiria loki ya Nairobi imepelekwa huko. Familia imetoroka mapigano, mtandao umekatika siku kadhaa, malipo hayajaenda, na simu inajifunga siku ile wanataka kujua mtoto amefika kambi gani.

Na ujue Masisi ni wapi. Rubaya iko Masisi. Koltani ya Rubaya hukadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya ile yote ya dunia, na ndani yake kuna tantali, ile inawekwa kwa vifaa vidogo vya kushika umeme ndani ya simu. Vijana wanaichimba na koleo na mikono. Huenda chembe ya hiyo milima iko kwa ile simu imefungwa hapo stage.

Wakongo pia washawai fungwa na simu, lakini na gova yao. Septemba 2020 Kinshasa walianzisha RAM, daftari ya kusajili simu. Mwenye simu ya 2G akatwe dola moja kwa mwaka, ya 3G na kuendelea dola saba. Hukuulizwa, hukusaini. Unaweka vocha, inapunguka. Watu walipiga kelele, vijana wakashika barabara, wabunge nao wakaipigia kelele ndani ya bunge 2021, na mapema 2022 ikatolewa. Nchi yenye watu husema haiwezi badilika ilibadilisha hiyo.

Kwingine mpaka uko kitambo. Ulaya, sheria yao ya mawasiliano ya 2018 inasema mteja wa kawaida asifungwe na kandarasi zaidi ya miezi 24, na Denmaki mpaka wao ni miezi sita. Kanada, tangu 2013, ukimaliza miaka miwili unatoka bila faini. Hizo ni nchi msee ako na mshahara wa kila mwezi. Sisi wa kibarua tunahitaji mpaka mfupi kuliko wao.

Makampuni yatasema ukifupisha muda, malipo ya siku itapanda na maskini atakosa simu. Hiyo point iko na uzito, siilengi. Lakini tofauti ya 15,000 na 28,550 haitoki kwa muda peke yake. Inatoka kwa bei yenye hakuna mtu ameilazimisha ionekane. Weka bei ya jumla kwa bango, herufi kubwa kama ile 70, tuone nani bado atauza hivyo.

Desemba 2024 Kenya ilibadilisha sheria, ikapea Benki Kuu nguvu juu ya wakopeshaji wenye hawachukui amana, hata wale wa nunua sasa lipa baadaye. Mlango uko wazi. Mimi nataka hivi: miezi tisa iwe mwisho, kama ile ya kwanza kabisa. Ukishalipa bei ya keshi na faida yenye imetajwa mapema, simu ni yako. Ukishindwa, uruhusiwe kuirudisha na deni liishe hapo. Na loki isiguse kupiga simu, kutuma pesa, wala programu yenye unafanyia wera. Wakitaka kufunga, wafunge video na gemu. Msee wa nduthi atawalipa jioni akishabeba watu.